Sufuria Isiyojua Kitunguu

Feza mwanangu,

Baba yako amelifunga godoro lako, amelifungua, na sasa analifunga upya. Niko nyuma ya nyumba kwenye mkeka, namsikia anavyoigombeza kamba kana kwamba kamba ndiyo inayokupeleka Punia. Jua bado halijashuka mtoni. Wanawake wa Alunguli wamejaa uani wanapika wali wa kukuaga, na wewe uko ndani unasukwa, huwezi kutoka mpaka waliokushika kichwa wamalize. Wasaa wangu ndio huu. Nikingoja usiku nitalia, na mimi nikilia herufi zangu zinakwenda upande, na baba yako aliyenifundisha kuandika atanicheka.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za kumnawisha mgeni mikono, wala za kuficha chumvi isipate unyevu. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukishaaibika mara moja. Nataka kulijibu swali lako la asubuhi.

Tulikuwa tunateka maji. Ukaniuliza bila kunitazama: "Mama, kule Punia, kazi ya paka niiache ao niendelee nayo?" Mimi nikajifanya nashughulika na ndoo. Nilikusikia vizuri sana. Nimetembea na swali hilo tangu saa ile, kwa sababu najua limetoka wapi. Shangazi wa mchumba wako Amisi, siku walipoleta mahari, alikula kwangu akashiba, akaongezewa akala tena, akafuta mdomo, kisha akasema mbele ya watu wote: "Sisi kwetu, muke wa kapita hawezi kupikia paka ya Wazungu. Watu watatucheka." Wewe ukainamisha kichwa. Mimi nikamwongezea mchuzi ili asiongeze neno.

Basi hapo ndipo ulipo. Mume wako ni kapita, msimamizi wa kampuni ya madini, ana jina lake na ana watu wake. Na wewe kazi hii umeipenda tangu hujaota meno ya pili, ukiikosa utakaa Punia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Unataka mama akuchagulie. Mama anaogopa kukuchagulia, maana amewahi kuwachagulia wengine na hakuchagua vizuri. Kaa nikueleze. Mengi uliyaona, lakini uliikuta kazi imeshasimama kwa miguu yake, hukuiona ilipokuwa inatambaa na kuanguka.

Ilianza na mjomba wako Shabani. Ndugu yangu huyu alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya upishi ng'ambo ya mto, kwa Mzungu, Bwana wa stesheni ya reli ya Kindu. Madamu wake alikuwa amekuja na paka kutoka Ulaya, ndani ya kikapu, paka wa kijivu mwenye uso wa mtu aliyeudhiwa, jina lake Minu. Minu huyo alikuwa anakula nyama ya mezani, ile laini isiyo na mfupa, mpaka Bwana akanung'unika kwamba paka anakula kuliko yeye. Shabani akavuka siku ya Jumapili akanijia. "Dada, weye unajuana na watu wa machinjio. Unitafutie nyama ya paka. Iko muzuri lakini haiko ya watu."

Mimi wakati ule nilikuwa nauza vitumbua mlangoni pa machinjio. Nilijua nani anachinja, nani anachuna, na kipi hubaki juu ya meza watu wote wakishaondoka. Nikaomba bandama, nikaomba koromeo, nikaomba mabaki ya ngozi ya kichwa. Nikachemsha, nikakatakata, nikafunga kwenye majani ya ndizi kama tunavyofunga samaki. Nikavuka na mtumbwi wa alfajiri, nikampa Shabani mkononi. Ndivyo nilivyokuwa mfanyabiashara wa chakula cha paka, na wala sikuwa nimewahi kufuga paka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wali. Niliona nyama ni kidogo na majani ni makubwa, nikajaza wali. Nilifikiri kama mama: tumbo ni tumbo, likijaa limejaa. Shabani akarudi na jani lile lile, ndani yake wali mtupu, mweupe, kila punje mahali pake. "Dada, paka imekula nyama, wali imeacha. Imechagua kama muntu anachagua majiwe kwenye muchele." Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Akasema huyo paka angefaa kuajiriwa kwa Wahindi wa mpunga. Nikajifunza hapo kwamba paka si mtu mdogo mwenye manyoya. Mtu unaweza kumdanganya kwa wali, hata mimi nimekudanganya hivyo siku nyingi, ukilala na tumbo gumu bila kujua kwamba nyama haikuwepo. Paka anataka nyama, na usipompa anakwenda kuitafuta mwenyewe.

Kosa la pili ni la kitunguu, na hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Unajua sisi Waungwana wa mto huu tulivyo. Nyama kwetu haiwi nyama mpaka ipite kwenye kitunguu. Mtu akikusifia mchuzi, anakusifia kitunguu chako, kilivyoiva bila kuungua. Bibi yako, aliyenizaa, alikuwa akisema nyama ya kuchemsha ni ya mgonjwa na ya mfungwa. Sasa wewe fikiria, mimi binti yake, nipike nyama tupu, niifunge, nivuke nayo mto, niipeleke kwenye nyumba ya watu, hata kama anayekula ni paka! Nilisikia aibu. Nikaanza kukaanga. Kitunguu, chumvi, mawese kidogo. Minu akala, akalamba jani. Nami nikajisikia mpishi kweli. Madamu akawaambia wenzake, na nyumba za Wazungu za upande ule zikaanza kuagiza kwangu moja baada ya nyingine.

Haukupita muda mrefu, Minu akalegea. Haamki, haruki, analala tu. Mkojo wake ukawa mweusi. Madamu akamwita daktari wa wanyama, yule Mzungu anayepiga mihuri nyama pale machinjioni, na daktari akamwita mpishi. Shabani alinisimulia baadaye mambo yote kwa mikono na macho, unamjua.

"Munamupa nini?"

"Nyama tu, Bwana. Dada yangu anaipika."

"Anaipika na nini?"

"Na kitunguu, Bwana. Dada yangu hawezi kupika bila kitunguu."

Daktari akashika kichwa. Shabani akavuka mto mchana ule ule, na aproni ya jikoni kiunoni, nikajua kuna jambo. "Dada, kitunguu njo inaharibu damu ya paka. Hata kidogo, hapana. Amesema hata kidogo."

Unajua nilisema nini? Nilisema: "Basi apike mwenyewe huyo daktari!" Nilikasirika, Feza. Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Nikakaa siku kadhaa bila kuvuka. Kisha nikapata ujanja wangu, ujanja wa mtu mwenye kiburi: nikakaanga kitunguu, nikakitoa chote, nikapika nyama kwenye mafuta yale yale. Nikajiambia kitunguu hakimo tena, kilichobaki ni harufu, na harufu haimuui mtu. Nikafunga, nikapeleka. Minu aliyekuwa ameanza kusimama akaanguka tena.

Safari hii nilikwenda mwenyewe. Nilitegemea kufukuzwa. Nikamkuta Madamu amekaa chini jikoni, kwenye sakafu, paka mapajani, nywele hazijachanwa. Hakupiga kelele. Aliufunua mdomo wa paka kwa kidole nione fizi. Zilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Nikachuchumaa karibu naye. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha kuvunja kuni: "Weye iko na mutoto?"

"Iko moja, Madamu. Feza."

"Feza kama iko mugonjwa, weye nampa chakula gani?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Ile anaweza kumeza, Madamu."

Jibu langu mwenyewe likanigeukia. Nilikuwa nimempikia paka yule kile kilichonipa mimi sifa, si kile alichoweza kumeza. Nikaona haya mbele ya mnyama. Nilirudi kwa mtumbwi, na mpiga kasia akaniuliza kama nimefiwa.

Siku iliyofuata nilinunua sufuria. Ile unayoijua, ambayo sasa imekuwa nyeusi lakini siku ile ilikuwa inang'aa mpaka unajiona. Si kwamba paka ni najisi; mwalimu wa chuo cha Kurani alishatuambia paka hana najisi, ananywa kwenye maji ya udhu na maji hayaharibiki. Nilitaka kuwe na chombo kimoja katika nyumba yangu ambacho hakijui kitunguu na hakitakijua. Nilitaka kitu cha kunizuia mkono. Minu akapona polepole, akaishi akanenepa, na mpaka leo ana uso ule ule wa kuudhiwa.

Na wewe, ulipopata akili kidogo, ukajifanya askari wa sufuria ile. Unakumbuka? Siku moja nilikuwa machinjioni, baba yako akataka kupika maharagwe, akaiona hiyo ndiyo kubwa, akaanza kumenya kitunguu. Ukaingia ndani ya sufuria ukakaa, miguu nje, ukakataa kutoka. Nilirudi nikamkuta baba yako ameshika kitunguu mkononi anabembeleza, na wewe umekunja uso kama Minu. Siku ile ndipo nilipojua una moyo wa kazi hii. Nilijua, na bado nikakukosea.

Maana nilikupeleka kwa masista ukajifunze kushona. Mimi nilipokuwa msichana nilitamani cherehani kuliko kitu chochote, na sikuipata. Nikasema mtoto wangu ataipata. Ukaenda, ukarudi na vidole vimetobolewa, ukaenda tena. Jioni ukawa unapitia machinjioni, njia ya kuzunguka, unasimama mlangoni unatazama. Wachunaji wakakufundisha kushika bandama gizani na kuijua, kutofautisha pafu la ng'ombe mzima na pafu la ng'ombe mgonjwa. Mimi nakuuliza ulikuwa wapi, unasema kwa masista. Mpaka siku uliponiletea gauni uliloshona, mikono yake umeishonea mwishoni, mtu akilivaa viganja havina pa kutokea. Uliniangalia usoni kuona nitasema nini. Nikacheka, Feza, nikacheka mpaka nikalia, na nilikuwa nalia kweli. Kushona kulikuwa kitunguu changu kwako. Nilikukaangia nikijua ni kitamu, sikuangalia kama unameza.

Baba yako ameita sasa hivi: "Mama Feza! Matela hii iko na mimba ao nini?" Nimemwambia alifunge tu godoro hilo.

Kosa la tatu nitalisema kwa haraka kwa sababu bado linaniuma. Wateja walipozidi, bandama na koromeo hazikutosha. Nikaanza kununua mapafu. Pafu ni jepesi, ni kubwa, linajaza jani, paka wanalipenda. Nikawapa wachinjaji zaidi ya walivyokuwa wakipata sokoni, wakaniwekea yote. Sikuwaza kitu. Kisha asubuhi moja narudi nimebeba karai kichwani, Mama Salima, jirani yetu yule wa mlango wa chini, akanisimamisha njiani. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia: "Mama Feza, zamani nilikuwa nanunua pafu, napika na mawese na pilipili, watoto wanakula nyama. Sasa pafu haiko. Paka ya Wazungu inakula, watoto wangu wanalamba muchuzi ya majani."

Nilishusha karai pale pale. Nilimpa yote, akakataa yote, akachukua kidogo tu. Nikaenda nyumbani nikalala mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya isipokuwa siku ya kukuzaa. Tangu hapo nikajiwekea amri, na hii ndiyo uliyonikuta nayo bila kujua sababu yake: hakiingii kwenye sufuria ya paka kitu ambacho mtoto wa jirani angekitaka kwenye sahani. Ndiyo maana unaniona nachukua koromeo, bandama, kiwele kigumu, vichwa vya samaki, wale samaki wadogo wa miiba ambao wavuvi huwatupa. Mapafu nachukua siku za ng'ombe wengi, wanawake wakishanunua wakaondoka. Na ajabu yake ni kwamba paka walipata nafuu zaidi. Minu mwenyewe, alipokuwa akila nyama laini tupu, watoto wake walizaliwa na miguu iliyopinda. Nilipoanza kutwanga vichwa vya samaki pamoja na mifupa yake, wakazaliwa wamenyooka. Baba yako ndiye aliyenieleza, na alisema kwa mzaha tu: "Panya hana steki. Paka akimshika panya anakula kichwa, anakula tumbo, anakula mifupa, anaacha mkia." Mzaha wake ukawa ukweli. Usimwambie, atavimba.

Sasa nije kwenye makopo, kwa sababu najua hilo nalo liko kwenye swali lako ingawa hukulitaja.

Kiangazi kilichopita, Mgiriki wa dukani alipoleta makopo ya chakula cha paka kutoka Ulaya, nilidhani nimekwisha. Uliniona. Nilikuwa navuka na furushi dogo, narudi mapema. Mpaka Shabani akatuletea kopo lililofunguliwa, tukalimwaga kwenye sahani hapa hapa uani, mimi, wewe, baba yako, tukalizunguka kama watu wanaosoma barua ya serikali. Ukaanza wewe, kwa kijiti. Hili pafu, ukasema, angalia matundu. Hii bandama. Hiki kiwele. Kulikuwa na samaki, kulikuwa na uji wa nafaka wa kushikanisha, na kulikuwa na nyama nyekundu ya nyuzi ndefu ambayo hata wewe hukuijua. Shabani akasema Madamu amemsomea maandishi: ng'ombe, na farasi, na nyangumi, yule samaki wa baharini mkubwa kuliko boti inayokwenda Ponthierville. Baba yako akainama, akanusa, akafikiri, akasema: "Hata Ulaya wamekatazwa kitunguu."

Tulicheka siku ile mpaka majirani wakaja kuuliza. Lakini mimi nilipoacha kucheka niliendelea kufikiri. Nilimuuliza Shabani kwa nini wanatia pafu, kwa nini farasi, watu wenye mali kama wale. Akaniambia Madamu amesema kwao watu wengi hawali pafu, hawali kiwele, na farasi aliyezeeka kwa kuvuta mizigo wengi hawamtaki mezani. Nyangumi wanamvua kwa ajili ya mafuta yake, nyama inabaki nyingi haina wa kuila. Basi inakwenda kwenye kopo. Nikaona kumbe wenye viwanda wa Ulaya na mimi, Mama Paka wa Alunguli, tunafanya jambo moja: tunazunguka meza ya watu tunaokota kilichobaki. Tofauti ni kile kinachobaki. Huko kwao linabaki pafu. Hapa kwetu, pafu ni sikukuu ya watoto wa Mama Salima. Nilifarijika sana, sijui kama unaelewa. Nilikuwa nadhani wao wana siri, kumbe hawana siri, wana farasi.

Baadhi ya wateja wamebaki na makopo. Wengine paka wao waliyagomea, wakarudi kwangu. Kazi imepungua na bado inatosha, nami nimeridhika nayo kama mtu anavyoridhika na nyumba aliyoizoea.

Sasa Punia. Kule sijawahi kufika. Nasikia msitu, nasikia nyumba za Wazungu wa madini ziko juu ya kilima, na panya ni wengi, kwa hiyo paka hawakosi. Lakini sijui watu wa huko wanakula nini na wanaacha nini. Labda bandama kwao ni ya wazee. Labda vichwa vya samaki ndivyo chakula cha wajukuu. Ukienda na mapishi ya Kindu ukawashushia, utakuwa mimi na kitunguu changu. Hayo si maagizo, Feza, nakueleza tu nilipojikwaa.

Na huyo shangazi usimchukie. Anaogopa kuchekwa, na mimi namjua mtu anayeogopa kuchekwa kwa sababu nilikuwa naye ndani ya nguo zangu miaka mingi. Walipoanza kuniita Mama Paka pale sokoni, nilikuwa napita kama sikusikia. Nilikuwa nalia nikifika mtoni. Siku hizi sokoni mtu akiita "Mama Feza" natazama kwanza nyuma yangu kama kuna mwingine. Jina likishakaa linapoteza miiba. Lakini ilichukua muda, na sitakudanganya kwamba haikuuma.

Amisi je? Hajasema kitu, na wewe umechukua kimya chake kuwa ni neno la shangazi. Mimi nina ushahidi mwingine. Siku ile ile ya mahari, wakubwa walipokuwa wanabishana kuhusu mbuzi, alikuja nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, akanikuta naipakua sufuria. Akaangalia ndani. Akaniuliza kwa adabu yake ile ya kukunja mikono: "Mama, hii bandama munaichemusha muda gani?" Nikamweleza. Akasema: "Kumbe. Nilifikiri iko inakauka." Kisha akarudi kwenye mahari yake. Sijui alikuwa na maana gani. Lakini mwanamume anayeuliza habari za bandama siku ya mahari yake hawezi kuwa mtu mbaya, na hawezi kuwa mtu anayeionea haya mikono yako. Muulize mwenyewe. Usimuulize shangazi, wala usiniulize mimi.

Wanawake wamemaliza kichwa chako, nakusikia unacheka. Niharakishe.

Feza, nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na kesho alfajiri kamio ya kampuni, lori la kuwapeleka, ikifika nitasimama pale barabarani nikiwa nimejifunika mtandio ili usinione uso. Usihuzunike. Mimi leo ni mtu mwenye furaha. Nimezaa mtoto mmoja na mtoto huyo anajua kutofautisha pafu na bandama gizani, na anacheka akisukwa. Nataka nini tena?

Jibu lako ni hili. Kamba ya baba yako haina kosa lolote. Mimi ndiye niliyemfanya alifungue godoro. Asubuhi tuliporudi kuteka maji niliitia sufuria ndani yake, kisha nikamkumbuka shangazi nikaitoa. Kisha nikakukumbuka wewe umekaa ndani ya sufuria, miguu nje, nikairudisha. Sasa imo, ndiyo maana godoro lina mimba. Paka wa Kindu watangoja nipate nyingine, na Minu akiudhika, ameshazoea.

Ukifika Punia, ukae kwanza, utazame, umsikilize mumeo. Ukiona kazi hii haikai na maisha yako, usiniletee maelezo wala usione haya. Kata kitunguu, kikaange ndani ya sufuria hiyo, umpikie Amisi nyama, mle. Kuanzia siku hiyo itakuwa sufuria ya watu kama sufuria nyingine zote, nami nitakuja kula kwako na nitasifu mchuzi. Na ukiona kazi inakaa, basi unajua la kufanya, ulilijua kabla hujajua kufunga kanga.

Nimekuwekea mchele wa Kibombo, chumvi, mawese, pilipili kavu na samaki wa njiani. Kitunguu sikukuwekea. Ukikitaka, utakinunua mwenyewe.

Mama Paka